Nyumba ya Kumi, Kibamba

"Mkuu wa kaya ni nani?"

"Mume wangu."

"Yupo?"

"Hayupo. Huku analala Jumamosi na Jumapili tu. Siku nyingine anasema kazi inamlaza mjini."

Somoe aliweka alama. "Jina si lazima, mama. Nipe umri na kazi yake."

"Mimi sina siri, mdogo wangu. Anaitwa Revelian. Ana miaka thelathini na sita. Kazi yake ni hiyohiyo yako, ila yeye ndiye anayewatuma. Yuko gazeti la Kipimo, Kinondoni."

Kalamu ilisimama juu ya karatasi.

Ilikuwa Alhamisi, siku kumi kabla ya uchaguzi wa Oktoba 1995. Kila Jumatatu Kipimo lilichapa asilimia za wagombea wanne wa urais, na watu waligombania ukurasa ule vijiweni kama wanagombania maji. Hizo asilimia zilitoka miguuni mwa makarani kumi waliopita mitaani na fomu, wakihesabu nyumba na kubisha hodi kila nyumba ya kumi. Somoe, binti wa Mzee Mwinshehe wa Temeke, alikuwa mmoja wao kwa miezi miwili. Revelian alikuwa msimamizi wake. Alikuwa pia mchumba wake.

Hata wiki ile alikuta kikaratasi ndani ya faili lake: "Mpenzi, nimalizie na Tandika, wewe tu ndiye ninayekuamini. Jumapili tarehe 22 nitakuja na wazee wangu kwa baba. R."

Kwa ajili ya Jumapili hiyo, Mzee Mwinshehe alikuwa amegombana na ukoo mzima. Walimwambia mtu wa bara, tena si Mwislamu, atamchezea binti yake. Yeye akajibu, "Kaniahidi atasilimu. Akisilimu ni mwanangu." Kisha akazunguka mwenyewe na mkongojo wake, nyumba kwa nyumba, akaalika wazee saba waje wapokee posa.

Kibamba hapakuwa pa Somoe. Palikuwa pa Bernadeta, karani mwenzake, ambaye asubuhi ile alisema ana malaria. Akampa Somoe kikaratasi cha mahali pa kuanzia: "Anza kwenye mashine ya kusaga, hesabu kumi." Alihesabu kumi.

"Unajisikia vibaya?" mwenye nyumba aliuliza. Jina lake Demetria, mwanamke mnene, mchangamfu, mtoto mchanga begani. "Jua la leo kali. Kunywa maji."

"Niko sawa. Watoto wangapi?"

"Watatu. Huyu wa mwisho ana miezi mitano." Akamhamishia mtoto bega la pili. "Kazi yenu ngumu. Mume wangu anasema angekuwa ameshaacha, kama si binti mmoja wa Temeke."

"Binti gani?"

"Ofisini wanamwita Asilimia Mia." Demetria akacheka mpaka mtoto akashtuka. "Kwa sababu hajawahi kukataa kitu. Anajaza fomu zake, anajaza na za wenzake waliolala. Wazee wa Temeke hawamfungulii mdomo mtu wa bara, lakini yeye wanamwita mjukuu wetu. Basi Revelian kamwambia atamwoa."

"Na wewe... huoni wivu?"

"Wivu wa nini? Uchaguzi ukiisha, na kazi imeisha. Ananieleza kila kitu. Eti Jumapili hii kuna wazee saba watakaa mkekani wanamsubiri. Jumapili hii! Na sisi tunampeleka mtoto wetu mkubwa, Kamugisha, Komunio ya Kwanza."

Wazee saba. Idadi ile Somoe alikuwa ameitaja kwa mtu mmoja tu duniani, tena kwa kumnong'oneza.

Chozi lilidondoka kwenye fomu, likavuruga wino penye neno "watoto". Demetria aliacha kucheka. Akamtazama usoni, akashuka mpaka miguuni, akapanda tena.

"Ni wewe."

"Haturuhusiwi kutaja majina, mama."

"Ni wewe. Aliniambia una matege. Kumbe umenyooka, tena mzuri." Akafyonza. "Huyu mwanamume hata mimi ananidanganya."

Somoe alikusanya karatasi zake, akainuka.

"Kaa."

"Mama, naomba niende."

"Kaa, nimesema. Umekuja kwangu ukanihesabia watoto, ukaniuliza na umri wa mume wangu. Hujaniuliza nitampigia nani kura. Maliza fomu yako."

Somoe akakaa. Akauliza. Demetria akajibu taratibu, neno kwa neno, kama anamsomea mtoto imla, na Somoe akaweka alama panapostahili.

Ijumaa ilikuwa siku ya kuhesabu. Makarani walikaa kwenye mabenchi, kila mmoja akasoma fomu zake kwa sauti, na Wilbert, karani wa ofisi, akachora vijiti kwa chaki ubaoni. Revelian alikaa mezani, miwani puani, shati jeupe limepigwa pasi vizuri. Somoe sasa alijua nani aliyelipiga pasi.

Alipofikiwa, alisimama. Usiku mzima alikuwa amejipanga. Atasoma, na ofisi nzima itajua, na Revelian ataona aibu mbele ya watu.

"Kibamba, fomu ya kwanza. Mkuu wa kaya: mwanamume, miaka thelathini na sita. Ameoa. Watoto watatu. Kazi: msimamizi wa kura ya maoni, gazeti la Kipimo."

Mtu akaguna kicheko puani. Wilbert akatupa chaki.

"Kabla! Jamani, kabla ya uchaguzi! Nani aliweka kabla?"

"Wilbert, nyamaza," Revelian alisema.

Lakini Wilbert alikuwa ameshachomoa karatasi nyuma ya ubao, anaipepea. "Matokeo rasmi haya! Soda za mshindi ziko wapi?"

Somoe aliichukua mkononi mwa Wilbert. Ilikuwa imepigwa mistari vizuri kama kura ya kweli. Juu iliandikwa: "Je, Asilimia Mia atajua lini?" Chini yake, kabla ya uchaguzi, mtu mmoja. Baada ya uchaguzi, saba. Hatajua kabisa, wawili. Kila mtu alikuwa ameweka herufi ya jina lake. Kwenye "hatajua kabisa" palikuwa na R, kwa mwandiko uleule wa vikaratasi.

Kwenye "kabla" palikuwa na B.

"Malaria imepona, Bernadeta?"

Bernadeta alitazama viatu vyake. "Ningekwambia usingeniamini, Somoe. Nilitaka ukaone mwenyewe. Nilikuonea huruma."

"Na kreti ya soda ya mshindi?"

Bernadeta akaanza kupanga fomu zake.

Mhariri, Bwana Fransis, alichungulia kutoka chumbani kwake. "Kelele za nini? Matangazo yanangoja ukurasa."

"Fomu moja imeharibika, mhariri," Revelian alisema, sauti haikutikisika. "Aliyehojiwa ana uhusiano na mfanyakazi wa gazeti. Kwa taratibu zetu haihesabiwi." Akaitoa mkononi mwa Somoe, akaikunja mara mbili, akaitia kapuni. "Endeleeni."

"Revelian," Somoe alisema chini chini. "Baba amealika watu."

"Waambie naumwa."

"Niseme unaumwa nini?"

"Chagua wewe." Akavua miwani, akaifuta. "Za Tandika umeleta?"

Zilikuwepo mkobani, fomu arobaini, zimepangwa kwa mitaa na kubanwa kwa pini. Alikuwa amezimaliza Jumatano, miguu imevimba. Kabla hajawaza, mkono wake ulikwisha kuingia mkobani, ukazitoa, ukaziweka mezani mbele yake.

"Ahsante," Revelian alisema.

Na benchi zima likaangua kicheko.

"Hawaji, baba."

Mzee Mwinshehe alikuwa barazani anapima kanzu ya Jumapili. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Ana mke. Ana watoto watatu."

Mzee alishusha kanzu taratibu. Ndani, shangazi Zubeda, dada yake mkubwa, alikuwa anachambua mchele wa pilau. Aliisukuma sinia pembeni.

"Si tulisema? Tulisema mpaka tukachoka. Ukatuona maadui."

"Zubeda, niache."

"Nikuache? Jumapili wakija wale wazee saba utawaambia nini?"

"Niliwaalika kwa mdomo wangu," Mzee alisema, kama anajisemea. "Kila mmoja nilimbishia mlangoni kwake. Sasa nirudi kwa mdomo huohuo?"

"Usirudi. Waje, wale, washuhudie ndoa. Hija mwenye duka la vitambaa bado anaulizia."

"Hija kanipita umri mie?"

"Umempita wewe miaka sita. Mkewe kafa, watoto wake wakubwa, swala tano hakosi. Au unataka mpaka wa sokoni nao wamwite hilo jina?"

Somoe alishtuka. "Jina gani, shangazi?"

"Mwana, Temeke ndogo hii. Bernadeta ana dada yake Tandika."

Mzee alimtazama binti yake muda mrefu. Somoe alisubiri aseme neno. Akasema, lakini kwa dada yake:

"Kamwite Hija."

Jumamosi asubuhi Somoe alikwenda dukani kwa Talha, palipokuwa na simu, akapiga Kinondoni.

"Kipimo, kura ya maoni."

"Ni mie. Kesho naozeshwa."

Taipu zililia nyuma ya Revelian.

"Hongera."

"Revelian, mie sitaki kwako kitu tena. Njoo tu umwambie baba kosa ni lako, si langu wala lake. Sema hivyo mbele yake, nisiozwe."

"Somoe, nisikilize. Jumatatu tunatoa fomu za mwisho, za kufunga kazi. Utakuja, au nitafute mtu?"

Talha, nyuma ya kaunta, alijifanya anapanga viberiti.

Jumapili wazee saba walikaa mkekani, na hakuna aliyekosekana. Hija alikuja na kanzu iliyonyooka na harufu ya udi. Kabla ya kukaa alisogea mlangoni kwa wanawake akasema kwa upole, kama mtu anayesamehe:

"Mie yaliyopita sitaulizia. Lakini hiyo kazi ya kubishia watu hodi, basi."

Kisha akaja Sheikh Twaha na mashahidi wawili. Wakasimama nje ya pazia la chumba. Ndani, Somoe alikaa kitandani kafunikwa kanga mpya, shangazi Zubeda pembeni yake kamshika kifundo cha mkono.

"Somoe binti Mwinshehe. Baba yako anataka kukuoza kwa Hija bin Salehe, kwa mahari waliyokubaliana. Umeridhia?"

Alisikia vijiko vya pilau vikigonga masufuria uani. Alisikia baba yake akikohoa upande wa pili wa pazia, kikohozi cha mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja.

"Somoe binti Mwinshehe, umeridhia?"

Miezi miwili aliuliza watu maswali. Walikuwapo wengi walioinamisha kichwa hivihivi, wakakodolea macho miguu yao. Hakuwahi kumwekea hata mmoja wao alama ya ndiyo. Palikuwa na sehemu yao, imeandikwa "hajaamua", na wiki iliyofuata karani alirudi kuwabishia tena hodi.

"Somoe, mara ya tatu. Umeridhia?"

Alifungua mdomo. Sauti haikutoka.

"Kanyamaza, sheikh," shangazi Zubeda alisema. "Binti akinyamaza ndiyo karidhia."

"Alhamdulillah," Sheikh Twaha alijibu, na nyayo za wanaume watatu zikarudi barazani.

Kigelegele cha kwanza kilikuwa cha shangazi, sikioni kwake kabisa.