Sauti Nyuma ya Tanuri

Asubuhi ile nyuzi za kioo zilitoka nyeusi, zikinuka nywele zilizoungua. Kiponda, aliyelinda tanuri katika kiwanda kimoja cha Changamwe, aliushuku mdomo mpya: kipande cha metali isiyoyeyuka, chenye vitundu vinavyopitisha kioo cha moto kikawa nyuzi. Wakubwa waliufunga juzi bila hata kufukiza ubani. Mabwana hao, jini watamjulia wapi?

"Kiponda," mdomo ukaita, kwa sauti ya marehemu mamake.

"Naam," akaitika.

Mtu kazaliwa Magogoni, kakulia Magogoni, ambako hata mtoto ajua kwamba jini huita, anaitika sauti ya asiyemwona! Inauma. Kioo kilimrukia kikamla mkono hadi kiwiko, kisha kitu kikamkaba shingo, kikamburuta nyuma ya tanuri huku kichwa chake kikigonga vyuma, na wenzake wakamsikia akicheka kicheko cha kike.

Dadake Jumwa, mfungaji wa marobota kiwandani humo, alikimbia kumwita Maalim Noor, mpunga majini aliyekaa jirani.

"Shikamoo, Maalim. Ndugu yangu ndiye pekee niliyebaki naye."

"Marahaba, mwanangu. Huyu jini huita watu. Akikuita kwa sauti ya nduguyo, usiitike, usisogee, mpaka nikwambie katoka."

Maalim akasoma. Tanuri likatikisika, misumari ikachomoka na kuruka, mmoja ukamng'oa Maalim sikio, naye akaendelea kusoma damu ikimchuruzika shingoni, hadi moshi mweusi ukapiga yowe na kutoboa paa, na mdomo ule ukapasuka vipande viwili, kioo kikaanza kumwagikia upande wa nyuma.

"Dada," sauti ya Kiponda ikaita kutoka huko. "Ngazi imeniangukia miguuni. Kioo chaja. Njoo univute."

Jumwa akainua mguu. Maalim akamshika mkono.

"Bado yumo," akanong'ona. "Akuhadaa."

"Dada Jumwa. Wallahi ni mimi."

"Wasikia? Nduguyo ni Mkristo. Mkristo gani huapa wallahi?"

Jumwa alijua kwamba Kiponda aliapa hivyo tangu utotoni, kama vijana wote wa mtaa wao. Lakini hofu ilimshinda. Akauma leso yake, akalia kimya. Sauti ikaita tena, ikapiga ukelele mrefu, ikakoma.

Maalim akashusha pumzi. "Sasa katoka. Nenda, mwanangu."

Jumwa akaenda. Kiponda alikuwa amelala chini ya ngazi ya chuma, kioo kimemfika kifuani, mkono usioungua umenyooka kuelekea aliposimama dadake. Jumwa akapiga magoti, akaanza kuitika.