Lete Gari Nilione

"Simama hapo hapo. Usishushe mguu."

Mwanamume aliyeambiwa hivyo alitii. Alisimama kwa mguu mmoja katikati ya jengo la maduka, wanunuzi wa mwisho wa mwezi wakimpita huku na huku na mifuko yao, kiatu chake cheusi kikining'inia hewani, kinang'aa kama ndiyo kwanza kimetoka dukani. Chini yake, mwanamke aliyevaa jinzi na kilemba cha rangi ya machungwa alikuwa amepiga magoti akipapasa sakafu. Alipoipata springi aliyokuwa akiitafuta, kidude kidogo kuliko punje ya mchele, aliinuka, akajipangusa magoti, ndipo akamtazama usoni.

"Sasa shusha. Na pole kwa usumbufu."

"Usijali," alisema yule mwanamume. "Nusu ya kazi yangu ni kusimama kimya."

Kumbe mwanamume huyo alikuwa akimtafuta yeye. Mwanamke huyo alikuwa na kibanda cha vioo chini ya ngazi, akitengeneza funguo za magari, hasa zile za rimoti. Watu walimwita Fundi tu, na jina lilimtosha. Hakuwa na tabia ya kumwambia mteja "tutajaribu". Aliishika rimoti, akaitikisa karibu na sikio, akaifungua kwa kisu chembamba, kisha akasema "itapona" au "nunua nyingine", na mara nyingi ilikuwa hivyo hivyo.

Ya mgeni huyu alisema itapona. Ilikuwa rimoti nyeusi yenye vitufe vitatu, kimoja kimelika hadi alama yake haionekani. Mwenyewe alieleza kwamba siku nyingine gari linafunguka na siku nyingine linamkatalia katakata, halafu linapiga king'ora mbele za watu. Wakati anaeleza, Fundi alikuwa akimkagua: suti nyeusi iliyopigwa pasi ikakubali, shati jeupe, tai nyembamba, na joto lile la mchana. Akampa jina palepale moyoni. Bwana Suti.

Alibadilisha betri, akalehemu miguu ya kitufe iliyokuwa imeachia, akaijaribu kwenye kifaa chake chenye taa. Taa ikawaka. Bwana Suti akashukuru, akaondoka, na kabla wiki haijaisha akarudi na ufunguo uleule.

Mara hii Fundi aliuchunguza kwa muda mrefu. Mle ndani hamkuwa na kosa.

"Rimoti inaongea," alimwambia. "Gari lako ndilo halisikii. Inabidi niwaoanishe upya, na siwezi kuoanisha mmoja. Lete gari nilione."

Bwana Suti alisema gari liko kazini. Akaulizwa kazi gani. Akasema anasafirisha watu.

"Abiria?"

"Tuseme abiria."

"Wasumbufu?"

"Hapana," akasema, akirekebisha tai. "Watulivu sana."

Fundi alicheka. Alidhani ni wakubwa wa makampuni, wale wanaokaa kiti cha nyuma na magazeti yao. Hakuuliza zaidi, maana kwa wakati huo alichokuwa akikisikiliza ni sauti yenyewe. Ilikuwa sauti ya chini isiyo na haraka, kama ya mtu aliyezoea kuzungumza na watu wenye maumivu.

Basi rimoti ikawa kisingizio. Ilipofanya kazi alikuja kushukuru, ilipogoma alikuja kulalamika, na siku ambazo haikuwa na lolote alipiga simu kuuliza kama betri ile ni ya kudumu.

"Bwana Suti, umeniuliza hilo jana."

"Jana uliniambia ni ya mwaka. Nilitaka kusikia kama umebadili mawazo."

"Sijabadili."

"Basi niambie tena. Unavyosema 'mwaka' unasema vizuri."

Dada yake Fundi, mshonaji mwenye cherehani kwenye kibanda cha pili, alisikiliza mazungumzo hayo na sindano mdomoni, akitikisa kichwa. Hata hivyo siku Bwana Suti alipomletea Fundi taa ya mezani yenye kioo cha kukuzia, kwa kuwa alimwona akikodoa macho juu ya vitu vidogo mchana kutwa, dada alikiri kwamba mwanamume huyu ana macho ya kuona. Lililomkera lilikuwa moja.

"Gari liko wapi?" alimuuliza mdogo wake. "Mtu ana ufunguo unaoharibika kila mara, ana mpenzi ambaye ni fundi wa funguo, na gari halileti. Gari lisiloonekana lina mwenyewe, mdogo wangu. Na mwenyewe huyo ana pete kidoleni."

Fundi alimjibu kwamba wivu wa cherehani ni mbaya. Ila neno lilimwingia. Kila alipotaja gari, Bwana Suti alikuwa na jibu laini la kupitia pembeni: leo limekwenda mbali, leo linaoshwa, leo halikai hapa. Na yeye, aliyekuwa hawezi kumwacha mteja aondoke bila kujua ugonjwa wa ufunguo wake, alijikuta anameza maswali.

Siku moja asubuhi alimpigia kumtania. Simu ilipokelewa, lakini kabla Bwana Suti hajasema neno, Fundi alisikia mwanamke akilia karibu naye, kilio cha kukata moyo.

"Unaniacha na nani, mume wangu? Watoto nitawaambia nini?"

"Nitakupigia," Bwana Suti akanong'ona, na simu ikakatika.

Fundi alikaa na simu mkononi. Hakulia. Aliandika ujumbe mfupi: rudi kwa mkeo na watoto, usinitafute tena. Akautuma, akaifungia namba yake, kisha akafungua rimoti ya mteja aliyekuwa akisubiri na kuitengeneza mpaka mwisho. Mteja alipoondoka ndipo alipoizima ile taa yenye kioo, akaisukuma chini ya meza.

Alichokitarajia, ingawa asingekubali kukisema, ni kwamba mwanamume angekuja mbio kujitetea. Hakuja. Siku zilipita, wiki ikaisha, na kule kutokuja kukawa ushahidi mkubwa kuliko kilio chenyewe. Dada aliacha kusema "nilikuambia". Alimshonea gauni la kijani lenye mikono mipana na kumwambia alivae akafurahi mahali. Fundi alilivaa akaenda nalo kazini, maana ndiko alikozoea kufurahi.

Alikuwa ndani ya gauni hilo simu ilipolia kutoka namba ngeni. Mzee mmoja, akipaza sauti juu ya king'ora cha gari, alijitambulisha kuwa yuko nje ya hospitali na familia yake. Gari lililombeba ndugu yao limekataa kuwaka, linapiga kelele, na hawajui la kufanya.

"Namba yangu umepewa na nani, baba?"

"Dereva. Ameitaja kwa kichwa, hata simu yake hakuitazama. Anasema wewe ndiye pekee unayeliweza. Tafadhali, binti yangu. Tunakwenda kuzika."

Fundi alichukua mkoba wa vifaa, akaondoka.

Alilisikia gari kabla ya kuliona. King'ora kilikuwa kinalia bila kupumzika kwenye geti la hospitali, na watu waliovaa meusi wamesimama kulizunguka, wengine wameziba masikio. Lilikuwa gari refu jeupe, vioo vya nyuma vina mapazia ya zambarau, na nyuma ya mapazia jeneza lenye shada la maua. Kando ya mlango wa dereva, amenyooka ndani ya suti nyeusi, jasho likimtiririka shingoni, alikuwa Bwana Suti.

Walitazamana. Fundi alielewa mara moja: suti, viatu, abiria watulivu, mwanamke aliyelia kwenye simu. Alihisi nafuu, na juu ya nafuu hiyo hasira mpya ikapanda. Lakini hapo palikuwa na mjane aliyeshikwa mikono na wanawe, na kelele ile ilikuwa inamvunjia heshima maiti wao. Hakusema kitu ila, "Nipe ufunguo."

Aliingia kwenye kiti cha dereva, akainama na gauni lake jipya hadi chini ya usukani, akachomeka kifaa chake. Kwenye kioo kidogo cha kifaa aliona alichokuwa amekidhania tangu mwanzo: gari lilikuwa limeusahau ufunguo. Aliufuta, akauandikisha upya, akabonyeza. King'ora kikanyamaza. Ukimya ulioingia ulikuwa mkubwa kiasi kwamba watu waliteremsha mikono kutoka masikioni polepole. Akawasha injini, ikaitika.

"Asante, Fundi," alisema Bwana Suti, kwa sauti ya kazi.

"Wapeleke watu," akamjibu, akashuka.

Kesho yake mchana, maegesho ya jengo la maduka yakiwa yamejaa, gari refu jeupe liliingia na kusimama mbele kabisa. Watu walilikwepa, wengine walivuta watoto wao. Bwana Suti aliteremka, akapita katikati ya umati hadi chini ya ngazi. Dada aliinua uso kutoka kwenye cherehani, akaushusha haraka.

"Nimeleta gari," alisema.

Fundi alimfuata hadi nje. Alilizunguka gari lote, akaligusa boneti, kisha akamgeukia.

"Ulisoma ujumbe wangu?"

"Niliusoma."

"Ukaona naamini una mke. Ukaniacha niamini."

Bwana Suti alivuta pumzi. Alimsimulia kwamba aliwahi kuwa na mchumba. Kabla mchumba huyo hajaijua kazi yake walikuwa wakila sahani moja. Alipoijua, aliacha kupokea hata kikombe kutoka mkononi mwake, na mwisho akamrudishia pete kwa kuiweka juu ya meza, ili vidole vyao visigusane.

"Kwa hiyo uliona afadhali nikuone mzinzi kuliko nikuone dereva wa maiti," alisema Fundi.

"Ndiyo. Wazinzi nimeona wakisamehewa."

Fundi alitaka kuendelea kukasirika, na alikuwa na haki. Lakini mwanamume alikuwa amesimama mbele ya macho ya mji mzima na gari alilolificha, wala hakuwa anatazama chini. Fundi alimshika mkono, kiganja kwa kiganja, akakibana.

"Sikia. Gari hili halinitishi. Kinachonitisha ni mtu anayenichagulia la kujua na la kutojua. Ukinificha tena, hata kama ni jambo dogo, nitakufungia kama nilivyoifungia namba yako, na mimi nikifunga kitu hakuna fundi wa kukifungua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Sasa sema unachotaka kwangu. Kwa maneno yaliyonyooka."

"Nataka kukuoa, mpenzi wangu."

Mama mmoja aliyekuwa akipakia mizigo kwenye gari la jirani alisahau kufunga mlango.

"Basi Jumapili unakuja kwa mama," alisema Fundi. "Na kazi yako utaitaja kabla hujaulizwa."

Jumapili alikuja, amevaa shati la bluu bila tai, anaonekana kijana zaidi. Mama yao alikuwa ameketi sebuleni, miguu juu ya kigoda, dada pembeni yake amejifanya anakunja vitambaa. Bwana Suti aliamkia, na kabla ya kukaa alisema, "Mama, mimi ni dereva wa gari la maiti."

Dada aliacha kukunja. Mama alimtazama kijana huyo kwa kitambo, kutoka nywele hadi viatu.

"Aliyembeba baba yao," alisema mwisho, "alikuwa anapiga mluzi. Njia nzima. Mimi nipo nyuma na mume wangu, yeye anapiga mluzi. Mpaka leo nikiusikia mluzi barabarani moyo unashtuka. Wewe ukiwa unaendesha unafanya nini?"

"Nanyamaza, mama. Na nikiulizwa kitu na wafiwa, najibu."

Mama alishusha miguu kutoka kwenye kigoda, akakisukuma mbele kidogo, karibu na kiti chake, akamwonyesha akae. Kisha akamgeukia binti yake.

"Huyu mchukue," alisema. "Ila mwambie mimi asinijie mapema na gari lake hilo. Nina wajukuu wa kusubiri."