Gari la Nane

Mchezo ule wa mbio ulikuwa na magari saba, na fundi aliyajua yote kama watoto wake, maana kazi yake ilikuwa kunakili kaseti za michezo, zile ambazo kompyuta za enzi hizo zilizisoma. Siku hiyo, mchana kweupe, kaseti ilipomaliza kupiga kelele na barabara kujichora kwenye televisheni, yalikuwa manane. La nane lilikuwa jeusi, nalo lilikuja kinyume na mengine, taratibu, likimfuata yeye.

"Nakala mbovu," akanung'unika, akaanza upya. Likaja tena, karibu zaidi, na chumba kikanuka mpira unaoungua.

Mkewe akatokea jikoni, mikono imejaa povu.

"Mume wangu," alisema kwa kunong'ona, "harufu hiyo naijua. Kaseti umeitoa wapi?"

"Juu ya kabati. Nilikuwa nimeishiwa kaseti tupu."

"Ile ya mganga? Umeniua!"

Kabla hawajaoana, jini lilimpanda mkewe miaka miwili, likimkimbiza barabarani mpaka nyayo zikachanika. Mganga alilifungia ndani ya kaseti ya kisomo chake, akavunja vijino vya mgongoni mwa kaseti ili mtu asirekodi juu yake. Na fundi, kwa mazoea ya kazi, alikuwa ameziba matundu yaliyoachwa na vijino hivyo kwa selotepu bila hata kujiuliza. Mume gani huyu!

Mganga aliitwa, akafika akihema, akakataza kompyuta isizimwe kabla hajalirudisha jini kwenye kaseti, akaanza kusoma. Mara spika nayo ikasoma, kwa sauti ileile ya mganga, neno kwa neno, kisha ikamtangulia neno moja, kisha mstari mzima, na mganga akaongeza kasi huku jasho likimtiririka, na sauti ikaongeza zaidi, na harufu ya mpira ikawakaba koo, na mke akashika ukuta akisema miguu yake inataka kukimbia, mpaka ulimi wa mganga ukajikwaa.

"Miaka sita ndani ya kaseti unanisomea hayohayo," ikacheka spika. "Ulidhani sitayajua kwa moyo?"

Ikamalizia kisomo peke yake. Mke akaanguka kama gunia. Mganga, bila kuaga, akatoka mbio.

Kwenye televisheni gari jeusi halikuwapo tena. Kulikuwa na jeupe, dogo, likiyumba huku na huku katikati ya mengine, na honi yake ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Mume wangu! Nitoe humu! Yananigonga!"

Fundi akaurukia mwili wa mkewe sakafuni. Mwili ukainuka wenyewe, ukafuta povu mikononi, ukaelekea kwenye soketi ya ukutani. Fundi alijua vizuri kwamba kilichomo ndani ya kompyuta ile hufutika chote umeme ukikatika.

"Nakupigia magoti," alilia. "Kosa ni langu. Nichukue mimi!"

"Wewe hukunifunga. Yeye ndiye aliyeomba nifungwe," jini likajibu kwa kinywa cha mkewe. "Mimi aliniachia giza la kukaa. Yeye simwachii hata hilo."

Likachomoa plagi.