Walimu Wanane, Mlango Mmoja

Kila asubuhi nilitoka kwetu Gongoni na daftari la vipindi kwapani. Mimi Batuli nilikuwa kiranja wa darasa la nane, na kazi yangu ilikuwa kuandika saa ambayo kila mwalimu aliingia darasani. Kazi hiyo nilipewa na Mwalimu Mkuu mwenyewe, Mwalimu Ambrosi. Basi nilivyojiona, we acha tu!

Mwaka huo wa 1956 mtihani wetu ulikuwa umebakiza wiki tatu. Mwalimu Tobias alifundisha hesabu vizuri mno, lakini kipindi cha saa mbili aliingia saa mbili na nusu. Niliandika. Kesho yake ikawa vilevile, nikaandika tena kwa hasira. "Mvivu huyu atatufelisha," nilisema moyoni.

Jumatatu Mwalimu Mkuu alitangaza mstarini kwamba mkaguzi wa elimu angefika Ijumaa, na mwalimu aliyezidi wenzake kwa kuchelewa angehamishiwa Lusu, shule ya mbali porini. Akiondoka Mwalimu Tobias, nani angetumalizia hesabu?

Alhamisi, saa mbili na robo, nilikwenda kumtafuta. Nilimkuta mlangoni pa ofisi, mbele yake walimu watatu. Shuleni kwetu hakuna aliyefundisha kabla Mwalimu Mkuu hajatia sahihi maandalio yake ya somo, na ufunguo wa stoo ya vitabu alikuwa nao yeye peke yake. Walimu wanane, mlango mmoja!

"Shikamoo, mwalimu. Umefika hapa saa ngapi?"

"Marahaba. Tangu saa moja, mwanangu. Ndiyo kila siku. Rudi ukawatulize wenzako."

Niliona aibu, jamani. Nilirudi nikamweleza rafiki yangu Sikuzani.

"Futa, bwana! Andika saa mbili kamili, yaishe," alisema.

"Huo si uongo?"

"Haya, mwache ahamishwe, nawe ufeli!"

Sikufuta. Niliandika pembeni: "Kila siku husimama mlangoni pa ofisi tangu saa moja, akingoja sahihi na ufunguo."

Daftari nililipeleka kwa Mwalimu Mkuu kama kawaida, na saa sita nikaitwa ofisini. Mwalimu Ambrosi alikuwa ameweka kidole juu ya maandishi yangu.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, mwalimu. Leo nimemwona kwa macho yangu, na mengine ameniambia mwenyewe nilipomuuliza."

"Unajua hapa unamsema nani?"

"Ndiyo, mwalimu." Machozi yalikuwa yananilenga. Niliogopa kufukuzwa shule.

Alitazama mlangoni. Kengele ilikuwa imekwisha kulia zamani, na walimu wawili walikuwa bado wamesimama pale na madaftari yao.

"Nenda darasani, Batuli," alisema kwa sauti ya chini.

Sikupata usingizi usiku ule. Asubuhi, saa mbili kamili, Mwalimu Tobias aliingia na vitabu, ufunguo wa stoo mkononi. Nyuma yake waliingia Mwalimu Mkuu na mkaguzi.

"Nani anayechelewesha vipindi hapa?" mkaguzi aliuliza, akifunua daftari langu.

Nilimtazama Mwalimu Mkuu.

"Ni mimi, bwana," alijibu Mwalimu Ambrosi mbele yetu sote. "Nilitaka kila kitu kipite mkononi mwangu, nikawafunga mikono walimu wangu. Kuanzia leo kila mwalimu atakaa na vitabu vyake, na maandalio nitayatazama Ijumaa jioni."

Kisha akatugeukia. "Watoto, ukisema nusu ya kweli, unaweza kumwonea mtu asiye na kosa. Batuli alisema yote, hata iliyonihusu mimi, na alikuwa akiniogopa. Nanyi fanyeni hivyo. Haya, Mwalimu Tobias, fundisha. Tumewapotezea muda wa kutosha."