Herufi B na Swali la Baba

Kila Jumamosi Wavinya alifagia ua, akanywa uji, kisha akatembea hadi maktaba ya Masii. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alikuwa akisoma kozi ya Hisabati kwa njia ya mtandao. Alipenda kompyuta iliyokuwa karibu na dirisha. Kutoka hapo aliona vilima vya mbali, na ukungu wa asubuhi ulivifanya vionekane kana kwamba vinaelea. Wavinya aliota akivichora vyote, kila bonde na kila njia ya ng'ombe.

Kozi iliyofuata ilikuwa ya kuchora ramani. Baba yake, Maundu, aliyekuwa fundi wa mawe, alikuwa amemwahidi hivi: "Ukipata sabini na tano kwa mia, nitatia sahihi fomu ya ramani."

Matokeo yalipotoka, Wavinya alitafuta nambari asiione. Muhula huo kozi ilikuwa imeacha kuonyesha alama. Katikati ya skrini palikuwa na herufi moja tu, B, kubwa na ya buluu.

Aliitazama mpaka macho yakalegea. B ikalala chali, matumbo yake juu, ikawa vilima viwili. Wavinya akajiona kileleni, karatasi mkononi, upepo ukimpepea polepole.

"Niaje, wewe! Umelala?" Rafiki yake Kamanthe alimgusa bega. "Umepata nini?"

"B."

"B ya juu ama B ya chini?"

"B ni B."

"Mwambie baba yako hivyo uone!" Kamanthe akacheka. "Yule hupima hata ugali kwa pimamaji."

Wavinya alimkuta Baba uani akichanganya simenti.

"Ngapi?" Baba aliuliza.

"B, Baba."

"Sikuuliza herufi. Ngapi kwa mia?"

Wavinya alivifikiria vile vilima. "Sabini na nane," akasema. Jibu lilitoka laini, kana kwamba limesemwa na mtu mwingine.

Baba alipangusa mikono, akatia sahihi. Jioni Wavinya alimsikia akimwita jirani yao, Mzee Bartholomew: "Sabini na nane! Wavinya wangu!" Usiku huo msichana huyo alikula chakula bila kukionja.

Jumamosi iliyofuata alianza kozi ya ramani. Swali la kwanza lilisema: "Ramani ina uwiano wa 1:20,000. Sentimita nne za ramani ni mita ngapi ardhini?" Wavinya alizikodolea macho zile nukta mbili katikati ya nambari. Alibahatisha mara tatu, akakosea mara tatu. Angemuuliza nani? Mwenye sabini na nane angepaswa kujua. Nje vilima vilikuwa wazi kabisa, lakini hakuweza kukiweka hata kimoja kwenye karatasi.

Mwishowe aliinuka, akamwendea Mwalimu Pauline, msimamizi wa chumba cha kompyuta.

"Mwalimu, sielewi uwiano. Tena nilimdanganya Baba kuhusu alama zangu."

Mwalimu alimtazama kwa utulivu. "Je, ulisoma maelezo yaliyo chini ya B?"

Wavinya hakuwa ameyasoma. Mwalimu alifungua ukurasa ule, nao ulisema: "Sehemu na desimali: vizuri sana. Uwiano: rudia kabla ya kuendelea."

"Nambari ziliondolewa kwa sababu wanafunzi walishindania alama moja moja na kuyapuuza maelezo," Mwalimu alisema. "Kumbe hata herufi huweza kumfumba mtu macho. Nenda nyumbani kwanza. Uwiano utatungoja."

Wavinya alimweleza Baba yote. Baba aliliweka koleo chini.

"Mzee Bartholomew nitamwambia mimi," alisema. "Ile fomu ya ramani tutaenda pamoja kuiondoa. Sasa njoo hapa. Karai moja ya simenti huchanganywa na karai nne za mchanga. Nikiwa na karai tatu za simenti?"

"Mchanga karai kumi na mbili."

"Nikiwa na nusu karai?"

"Mbili."

"Basi huo ndio uwiano. Umekuwa ukiuona hapa uani tangu utotoni."

Kwa wiki tatu Wavinya alifanya mazoezi, maktabani kwa kompyuta na nyumbani kwa karai. Akafanya mtihani wa kurudia, kisha akamletea Baba karatasi ya matokeo.

"Ngapi?" Baba aliuliza.

"Sijui, Baba. Nambari haionyeshwi. Lakini hapa pameandikwa: 'Uwiano: ameelewa. Yuko tayari kwa ramani.'"

Baba aliyasoma maneno hayo mara mbili. "Hata siku ile ungeniambia tu kwamba hujui," alisema. "Ningenung'unika, lakini ningekuamini. Fundi asiyejua kipimo huuliza. Akikibuni, ukuta husimama siku chache, kisha humwangukia aliyemwamini. Mwanangu, usione haya kusema hujui. Ona haya kubuni."

Kisha akachukua kalamu, vidole vikiwa bado na vumbi la simenti, akatia sahihi fomu mpya.