Kiatu Ambacho Birna Hakutaka Kukivua

Je, umewahi kusikia habari mbaya za mtu wa kwenu, ukainamisha uso ili watu wasione kwamba unatabasamu? Birna Thorvaldson alifanya hivyo, na mtu mwenyewe alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

Birna alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikaa Sandvik, mji mdogo kando ya Ziwa Winnipeg, nchini Kanada. Kila siku akitoka shule alikula mkate na siagi akiwa amesimama, akafunganisha kamba za viatu vyake vya barafu na kuvitundika begani, akachukua gongo lake na kwenda uwanjani. Alikuwa beki wa timu ya wasichana ya magongo ya barafuni, mchezo wa kugombania kisahani kigumu cha mpira. Alipenda kufika kabla ya wenzake, barafu ikiwa bado inang'aa, haijachorwa na chuma cha kiatu cha mtu yeyote.

Lakini ili uingie uwanjani ilibidi upite chini ya picha ya Kristjan. Ilikuwa kubwa kama mlango. Kristjan naye alikuwa beki, tena wa ligi kuu, na Sandvik haikuwahi kumtoa mwingine kama yeye. Chini ya picha hiyo Bi Sigga aliuza chipsi na kakao ya moto, na hakukosa swali.

"Kaka hajambo?"

"Hajambo."

"Juzi nilimwona kwenye televisheni. Alimpokonya mtu kisahani kama anamnyang'anya mtoto biskuti."

"Na sisi jana tulishinda," Birna akasema.

"Eh, vizuri, mwanangu. Msalimie sana."

Hapo roho ilimuuma Birna, na kakao ikakosa utamu. Mama yake mzazi alibandika picha za Kristjan mlango mzima wa friji. Medali ya Birna ilikuwa kwenye droo, pamoja na vijiko vya mbao.

Basi ikatokea kwamba Kristjan alianza kushuka mapema, kabla mtu hajatarajia. Alipokuwa na miaka ishirini na miwili magazeti yalisema atacheza mpaka aote mvi. Miaka michache baadaye washambuliaji walikuwa wakimpita kama nguzo. Timu yake ikamtoa kwa timu nyingine, na hiyo nyingine ikamweka benchi. Alipofika miaka ishirini na sita wakaachana naye. Akarudi nyumbani mwezi wa Februari akiwa na mifuko miwili na ndevu.

Siku Birna aliposikia, ndipo alipoinamisha uso.

Mbele ya meza ya Bi Sigga kila mtu alikuwa na sababu yake. "Sifa zilimpanda kichwani," alisema mmoja. "Starehe za mjini hizo," akasema mwingine. Mzee anayeendesha mashine ya kusawazisha barafu akamgeukia Birna. "Wewe ndiye ndugu yake. Kwani alikuwa mvivu?"

Birna alijua vizuri kwamba Kristjan, hata akiwa likizo, aliamka kabla ya watu wote na kukimbia kandokando ya ziwa kwenye baridi inayogandisha kope. Alijua.

"Labda," akajibu.

Neno lile lilikuwa tamu mdomoni. Lakini utamu wake haukufika hata jioni. Alipoingia nyumbani alimkuta bibi yao, waliyemwita Amma, amesimama jikoni akimkaangia Kristjan chapati zile nyembamba za sukari, ambazo Birna hupikiwa siku ya kuzaliwa tu. Wiki iliyofuata kocha akamwomba Kristjan aje awafundishe mabeki wa kike. Birna akajiandaa, akanoa hata vyuma vya viatu vyake. Kristjan akamtazama akizunguka mara moja tu.

"Wewe uko sawa, mdogo wangu," akasema, kisha akakaa saa nzima na Tansy, beki mwenzake Birna, akimwonyesha jinsi ya kupanga magoti.

"Kaka yako ni mtu mzuri," Tansy akasema walipokuwa wakivua viatu.

"Mchukue basi. Nakupa bure."

"Makubwa," Tansy akacheka. Birna hakucheka.

Jumamosi walicheza na wasichana wa mji jirani, mechi ya kuamua nani aende mashindano ya mkoa. Watu walijaa. Kristjan alisimama karibu na Bi Sigga, amezungukwa kama bwana harusi. Kila Birna alipopata nafasi alitupa jicho upande ule, na kila mara aliona kisogo cha kaka yake.

Karibu na mwisho wa kipindi cha kwanza mshambuliaji mrefu wa wageni akainua gongo mbele ya lango. Birna akajirusha mbele yake. Kisahani, kigumu kama jiwe, kikampiga juu ya mguu wa kulia, palipo na kamba. Watu wakapiga makofi. Birna akainuka kwa goti moja na kutazama: Kristjan alikuwa akiandika jina lake kwenye kofia ya mtoto.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo maumivu yalimpanda mpaka kwenye nyonga.

"Umekuwa mweupe kama karatasi," Tansy akanong'ona. "Vua kiatu, tuone."

"Sivui. Ukivua mguu unavimba, kiatu hakirudi tena."

"Nani kasema?"

"Sandvik nzima inasema. Wewe hujui fainali ile ya kaka yangu?"

Nani asingeijua? Kristjan akiwa na miaka kumi na tisa alipigwa na kisahani mguuni katika fainali ya vijana. Hakufungua kamba hata moja. Alizikaza, akarudi barafuni, wakashinda. Bi Sigga aliisimulia kila msimu, na wachezaji wa Sandvik waliiga: ukiumia mguu, unakaza kamba.

Birna naye akakaza. Akaizungusha kamba kwenye kifundo, akavuta kwa mikono miwili. Akajisemea kwamba atacheza vipindi vyote vitatu, na mwakani Bi Sigga atakuwa na hadithi nyingine ya kusimulia.

Kipindi cha pili kilikuwa kirefu. Kila alipotaka kugeuka kulia mguu ulikataa, na mshambuliaji mrefu aliligundua hilo. Akapitia kulia. Goli. Akapitia kulia tena. Goli la pili.

Mapumziko ya pili mlango ulifunguliwa, Kristjan akaingia pamoja na kocha. Hakusema na mtu mwingine. Akapiga goti mbele ya Birna, akaitazama ile kamba iliyozungushwa kifundoni.

"Vua."

"Sivui."

"Birna, vua kiatu."

"Wewe ulivua?"

Kristjan akakaa sakafuni, akavua buti lake na soksi. Mguu wake ulikuwa na nundu juu yake, na alipojaribu kuupinda kifundo hakikwenda popote.

"Sikuvua," akasema. "Mfupa ulikuwa umepasuka. Nilicheza juu yake, nikamdanganya daktari kwamba siumwi, kwa sababu watu walikuwa wananibeba mabegani. Mfupa uliunga vibaya. Tangu hapo sikuweza kugeuka kulia vizuri. Nilificha kwa miaka kadhaa, mguu ukizidi kukakamaa, mpaka washambuliaji wakagundua. Na leo nimemwona yule mrefu anakupita palepale walipokuwa wakinipita mimi."

Birna akatazama ile nundu. Kisha akaanza kufungua kamba, akilia, na mguu ukavimba mbele ya macho yao.

Wenzake walifungwa siku ile. Birna alisikia matokeo akiwa zahanati, mguu umefungwa plasta ngumu. Daktari alisema ni ufa mdogo, utapona sawasawa kabla ya msimu ujao. "Ungecheza kipindi kingine," akaongeza, "ningekuwa nakwambia maneno mengine."

Walikaa wawili kwenye benchi la zahanati, wakimsubiri baba alete gari.

"Niliwaambia watu labda ulikuwa mvivu," Birna akasema akitazama plasta. "Nilijua si kweli. Nilifurahi timu ilipokuacha."

Kristjan akaunyosha mguu wake mbaya. "Nimesikia mengi. Hilo limeniuma kuliko mengine." Kisha akamwekea mkono begani. "Sikiliza, mdogo wangu. Anayeficha maumivu si shujaa, anajiibia kesho yake. Ukiumia, sema siku hiyohiyo. Na roho ikikuuma, sema vilevile, kabla haijaunga vibaya kama mfupa wangu. Hawa mabeki wadogo wote nitawaeleza kuhusu fainali ile, na Bi Sigga nitamweleza pia."

Birna akafuta pua kwa kiganja cha glavu.

"Sasa niambie," Kristjan akasema. "Ulikuwa unataka nini leo, hata ukaharibu mguu?"

Birna akatazama taa za gari la baba zikipita dirishani.

"Nilitaka uniangalie mimi," akasema. "Usinifundishe kitu. Uniangalie tu, mechi nzima."