Ndevu za Kapteni Réjean

Ndugu zangu mnaopenda mpira wa magongo wa barafuni, leo nisikilizeni mimi Ghislaine, muuza chipsi wa pale uwanjani. Naishi ukuta kwa ukuta na akina Thibodeau, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa.

Vuli ile nyumba yao ilikuwa na raha. Supu ya njegere ilichemka jikoni, na Mzee Ovila alikaa mezani akimtania mwanawe Réjean, kapteni wa timu yetu. Daktari alikuwa ameshamwambia mzee kwamba macho yake hayatavuka majira ya baridi.

"Basi nina msimu mmoja wa kukuona, mwanangu," alisema. "Cheza vizuri, nisije nikabaki na picha yako ukiwa chali!"

Wote wakacheka.

Wiki ileile wenye timu wakafunga viwanja. Walitaka mishahara ya wachezaji iwekewe kikomo, wachezaji wakakataa katakata. Tajiri wetu, Bwana Hathaway, alilia hasara huku akipanda ndege yake mwenyewe. Wachezaji walilia kuonewa huku magari yao hayaenei uani. Na sisi wauza chipsi, wasafisha barafu na walinzi? Hakuna aliyetuuliza. Mniwie radhi, hasira hiyo bado ninayo.

Mnajua desturi yetu: ikifika hatua ya mtoano, mchezaji hanyoi ndevu mpaka timu itwae kombe au itolewe. Réjean akaichukua desturi hiyo akaipeleka kwenye ugomvi. Aliapa mbele ya wenzake kwamba hanyoi mpaka kikomo kiondolewe, kisha akawaapisha na wao.

"Atakayenyoa ni msaliti!" alisema, nao wakamshangilia.

Theluji ikaanguka, ndevu zikashuka hadi kifuani. Mzee Ovila akaanza kuipapasa chumvi mezani.

"Baba anauliza mechi ni lini," mkewe Réjean, Maryvonne, alimwambia. "Nimjibu nini?"

"Mwambie karibuni."

"Hiyo karibuni yako ataiona kwa macho gani?"

Katikati ya baridi wenye timu wakalegeza kidogo. Kikomo kingebaki, ila kingepandishwa, na msimu mfupi ungechezwa. Wachezaji wakaitwa kupiga kura. Nilikuwa nikizoa theluji mlangoni kwangu nilipomwona Maryvonne amemshika mumewe mkono.

"Kubali, Réjean. Wewe ukinyoosha mkono, wote watanyoosha."

"Niwe msaliti wa kwanza? Mimi niliyewaapisha?"

"Mimi nataka baba yako akuone tu."

"Nimebanwa, mke wangu! Mbele Hathaway, nyuma wenzangu. Nitokee wapi?"

Ya kwenye kura alinisimulia Réjean mwenyewe baadaye. Kila mtu kwenye ukumbi wa kura alikuwa akimtazama yeye, na wengi walitamani kukubali. Mkono wake ukabaki gotini. Na yao ikabaki magotini. Pendekezo likaanguka, na msimu wote ukafutwa.

Kiangazi kilipofika, wachezaji walichoka wakatia saini. Kikomo walichokubali kilikuwa chini ya kile walichokikataa. Timu zikaanza kubana matumizi na kuchukua vijana wa bei nafuu, na Réjean, kwa umri wake, hakupata pa kucheza. Hathaway naye alipofungua milango, alikuta nusu ya viti havina watu. Hata chipsi zangu zililala.

Siku alipoachwa na timu, Réjean alinyoa. Mzee Ovila alikuwa kibarazani akiota jua, haoni tena kitu. Nilikuwa naanika nguo. Mwana aliinama kumsalimu baba, na mkono wa mzee ukagusa shavu.

"Umenyoa."

"Ndiyo, Baba."

"Ndevu hunyolewa mkishinda au mkitolewa. Nyinyi ni ipi?"

Réjean alipiga magoti mbele yake. Mzee aliendelea kuupapasa uso ule polepole, kidevu mpaka paji, akitafuta mwanawe alipo. Mimi nililia palepale na nguo mbichi mikononi.

Funzo

Kudai haki yako si kosa, ndugu zangu, na mwenye mali asiyejua kutosheka hana wa kumtetea. Lakini msiape hadharani kiapo ambacho baadaye mtaona haya kukivunja, hata moyo ukishajua ukweli. Na kabla ya kukaza shingo, jiulize ni nani anayekungoja nyumbani, na kama anao muda wa kungoja.